Springi ya Nyundo na Dole Gumba la Melkiori

Jumatano, tarehe ishirini na mbili Aprili. Mvua ilianza kabla jogoo hajawika, na sasa ni saa nne asubuhi haijakata. Si mvua ya kishindo, ni ile ya kuchosha tu. Hapa kwangu Lipangalala maji yamefika kizingiti cha jiko na kuku wamepanda juu ya tenga, wananitazama kama mimi ndiye niliyeileta.

Konsolata, aliyechukua meza yangu pale karakana ya silaha Kibaoni, ameniomba niandike ninayoyajua juu ya springi za nyundo. Nilimwambia mimi ni darasa la saba tu, na mtihani wenyewe niliufanya nikiwa na malaria. Akasema, "Mzee, andika hivyo hivyo unavyosema. Mimi nitasoma." Yeye amesoma chuo na ana kipimo cha chuma kinachotoa jibu kwa tarakimu. Sijui nina nini cha kumwongezea, lakini kuahidi niliahidi.

Nimefikiri nianze na silaha zipi, maana zimepita nyingi mkononi. Nimeona niandike zaidi habari ya moja, bastola ya Melkiori, kwa sababu ndiyo iliyonishinda. Jambo lenyewe lilikuwa moja tu. Ningepata springi ambayo kidole chake kingeweza kuivuta, na risasi isigome, Melkiori angebaki na kazi yake porini. Nisingeipata, angerudi nyumbani kukaa. Nitafika huko. Kwanza niseme nilivyoanza.

Niliingia karakana nikitoka kutengeneza baiskeli Mlabani. Fundi mkuu alikuwa Longini, Mpogoro wa kutoka Mahenge, mfupi, mwenye kikohozi cha sigara na dharau aliyowagawia watu wote sawasawa. Siku ya kwanza aliniuliza nimetoka wapi, nikamwambia kwenye baiskeli.

"Vizuri," akasema. "Baiskeli ikigoma unashuka unasukuma. Hii ikigoma, mwenye nayo ndiye anayesukumwa."

Akanipa gobore la mkulima mmoja wa kule mtoni, springi yake imekatika. Wakati ule vipuri vya gobore havikuwa na duka. Tulichonga springi kutoka msumeno wa zamani, tukaichoma, tukaizamisha kwenye mafuta, tukaipasha tena taratibu mpaka igeuke rangi ya bluu. Nilipiga tupa siku nzima. Nikaifunga, nikavuta nyundo mara moja, ikavunjika vipande viwili na kimoja kikaruka dirishani. Longini alikwenda nje, akakiokota, akakiweka mezani mbele yangu, kikakaa pale mpaka nilipotengeneza nyingine iliyokubali. Nakumbuka nilimchukia. Leo siwezi kusema alikosea.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba springi ya nyundo ina mabwana wawili, kidole na fataki. Nieleze kwa asiyejua. Nyuma ya kila risasi kuna kitako, na katikati ya kitako kuna kidude kidogo cha shaba, ndiyo fataki. Nyundo ikiigonga sawasawa, inawaka na risasi inatoka. Ikiigonga kwa unyonge, unasikia "ta", na hakuna kitu. Springi ndiyo inayoisukuma nyundo. Ukiweka nzito, fataki inafurahi na kidole kinalia. Ukiweka nyepesi, kidole kinafurahi, halafu siku ya siku fataki inakataa. Kazi ya fundi ni kutafuta mahali ambapo mabwana wote wawili wananung'unika lakini wanakubali. Longini alisema mahali hapo huwa pembamba, na pengine hapapo. Hilo la mwisho sikulitilia maanani.

Namna yetu ya kupima ilikuwa hii. Unaibana silaha tupu kwenye jiliwa, umeweka ngozi ili isikwaruzike. Unafunga uzi kwenye mkia wa nyundo, unaning'iniza kopo la maziwa, unamimina mchele polepole mpaka nyundo ishuke yote na kukoki. Halafu unachukua lile kopo unakwenda kulipima dukani. Tulitumia mchele kwa sababu Ifakara mchele haukosekani, na kwa sababu Longini alisema mchanga unaingia kwenye mitambo. Mwenye duka aliyekuwa na mizani ya kuaminika alizoea. Akituona na kopo alikuwa anauliza, "Leo mnapika bunduki gani?"

Konsolata alinicheka alipoona kopo hilo. Kisha akapima springi ile ile kwa kile kipimo chake. Chake kilikuwa sahihi zaidi, nasema wazi. Kopo langu lilikuwa linazidisha kidogo wakati wa masika, nadhani kwa unyevu wa mchele. Nilikuwa sijui hilo miaka yote.

Mambo matatu ya Longini nayaandika hapa kwa sababu bado ni kweli. Usipime kwa kidole chako, kwa sababu wewe siye utakayeibeba. Usikate springi ili kuipunguza nguvu, maana pete uliyoikata hairudi, na iliyobaki haina kipimo unachokijua. Na ukitafuta uzito wa springi, shuka ngazi kwa ngazi mpaka upate ile nyepesi kabisa iliyowasha risasi zote bila kugoma hata moja, kisha panda ngazi moja juu yake. Hiyo ngazi moja ni ya matope, kutu, baridi, na Mungu asiyeeleweka. Longini alikufa kwa kifua. Alikuwa mkali pasipo sababu mara nyingi, na alimwonea mtunza stoo waziwazi, lakini hakutoa silaha mlangoni ambayo yeye mwenyewe asingekubali kuibeba.

Sasa Melkiori. Huyu ni Mndamba wa kando ya mto, amenizidi miaka kadhaa. Alikuwa mfuata nyayo wa kampuni moja ya uwindaji iliyokuwa na kitalu ng'ambo ya mto, siku zile wageni walipokuja kuwinda nyati na sheshe, swala wa bonde letu. Kazi yake ilikuwa kwenda mbele. Mgeni akijeruhi nyati na nyati akaingia kwenye matete, watu wote husimama wakamtazama Melkiori, naye huingia wa kwanza akitazama majani yalivyolala. Mwaka mmoja nyati alikuwa hajaenda mbali kama majani yalivyosema. Alimvunja bega la kulia. Walimleta hospitali akiwa hai, akapona, lakini daktari akamwambia bunduki ya kuweka begani asahau.

Sheria ya kampuni ilikuwa kwamba hakuna anayetembea mbele ya wageni bila silaha. Nadhani ni sheria nzuri. Ndipo wakamdhamini akapata leseni ya bastola, moja ya silinda, ya mtindo wa kizamani. Katika bastola hii triga peke yake haifanyi kitu. Kila risasi lazima kwanza uvute nyundo nyuma kwa dole gumba mpaka ikoki, ndipo uvute triga. Inabeba sita, lakini mwenye akili anaweka tano, nyundo inalala juu ya tundu tupu ili ikigongwa kwa bahati mbaya isiue mtu. Kwa nyati bastola si kitu cha kutegemea, Melkiori alijua hivyo kuliko sisi sote. Alisema ni ya kumfanya nyati afikiri mara mbili, na yeye apate nafasi ya kuanguka pazuri.

Alipokuja nayo mara ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo kaka."

"Marahaba fundi. Hii kitu ina moyo mgumu. Nikiivuta nasikia mpaka kwenye jino."

Nilimwambia aivute mbele yangu mara kumi. Mara ya nane mkono ulianza kutetemeka. Bega lile lilikuwa limechukua na nguvu ya mkono. Tuliagiza pakiti ya springi, kila moja imeandikwa uzito wake kwa ratili. Ile ya kiwandani ilikuwa ya ishirini na tatu. Nikashuka mpaka kumi na tisa. Tukaenda kwenye shimo la changarawe nje ya mji kwa kibali, akapiga, zote zikawaka. Alirudi anatabasamu, jambo ambalo uso wake ulikuwa haujalizoea.

Jihadharini na jambo moja hapa. Springi ya nyundo ikiwa nyepesi, na triga nayo inalegea, kwa sababu nyundo haikandamizi tena pale inaponaswa. Watu wengine wanaipenda hali hiyo. Mtu anayetembea kwenye matete mbele ya watu sita asiipende. Nililazimika kuangalia ngazi ya kunasia kwa kioo cha kukuzia kila msimu kama haijalika.

Miaka ikaenda, nasi tukashuka hadi kumi na nane. Kila kabla ya msimu kulikuwa na jaribio mbele ya meneja wa kambi. Melkiori anasimama, mkono wa kushoto umeshika fimbo kama anavyogawa matete, mkono wa kulia una bastola. Anakoki na kupiga risasi zake tano, kwa mkono mmoja. Risasi ikigoma, au nyundo ikimponyoka, silaha inarudi stoo. Na silaha ikirudi stoo, mtu anarudi nyumbani. Risasi za jaribio lazima ziwe zile zile atakazobeba, si za stoo, kwa sababu meneja alisema, na alisema vizuri, kwamba nyati hatapigwa na risasi za stoo.

Baridi yabisi ilimwingia kwenye dole gumba. Alikuja karakana, akaweka mkono mezani kama mtu anayeweka kifaa kingine cha kutengenezwa. Kifundo kilikuwa kimevimba kama kokwa la embe dogo.

"Punguza tena, fundi."

"Kaka, tumeshashuka hadi kumi na nane."

"Kuna kumi na saba kwenye pakiti. Nimeiona."

"Kumi na saba haina akiba. Ikipata vumbi tu, itagoma."

"Na mimi nisipopata hiyo, nitagoma mimi." Akanitazama. "Mdogo wangu, mimi si mkulima. Mke wangu Benedikta ndiye mkulima. Mimi nikiingia shambani naharibu. Tangu ujana wangu najua kitu kimoja, kutazama majani yaliyolala. Ukinirudisha Mlabani nikae barazani nitazame nini? Bajaji?"

Nilimuuliza kwa nini asiombe bastola ya namna nyingine. Akasema leseni ni ya hii, na mpaka aombe nyingine na kujibiwa, atakuwa anahitaji fimbo mbili. Hilo nalo lilikuwa kweli, na nilijua ile ya namna nyingine triga yake ni nzito kuliko yote.

Hiyo ilikuwa Mei ya mwaka jana. Nilifunga ile kumi na saba. Niliisafisha njia yote ya nyundo, nikaondoa kila msuguano niliouona na mwingine niliouhisi tu, maana springi nyepesi haisamehe msuguano. Tukapiga risasi za karakana. Zote ziliwaka. Tukarudia siku nyingine, zote zikawaka. Kwa kanuni ya Longini nilipaswa kupanda ngazi moja, lakini ngazi moja juu ndiyo iliyokuwa inamshinda. Nilimwambia hivyo wazi, na meneja nikamwambia. Meneja akasema, "Ikiwasha tano zake siku ya jaribio, mimi sina neno."

Nikamuuliza Melkiori, "Risasi zako umezitunza wapi?"

"Kwenye sanduku la bati. Limefungwa kufuli. Ufunguo huu hapa shingoni, pamoja na rozari."

Jaribio lilikuwa mwishoni mwa Juni. Siku ilikuwa nzuri, jua na upepo mdogo. Melkiori alisimama, fimbo kushoto. Ya kwanza ikalia. Ya pili, "ta". Alisubiri kama tulivyomfundisha, mdomo wa bastola chini, kisha akakoki ya tatu. "Ta" tena. Hakunitazama. Meneja alikuja, akazitoa zile mbili, tukaona alama ya nyundo juu ya fataki, ipo lakini si ya kina. Alama ya namna hiyo kila fundi angeisoma vile vile. Springi ni nyepesi.

Meneja akaniambia, "Fundi, weka kubwa. Nampa nafasi nyingine leo leo."

Huyo meneja watu wamemsema sana mjini. Mimi nilikuwepo, hakuwa na chuki. Mtu mwingine angefunga jalada pale pale. Nikakaa chini kwenye turubai, nikafungua mpini, nikaweka kumi na nane. Mikono yangu ilikuwa inafanya yenyewe. Nikaanza kusema, "Kaka, taratibu," akanikatiza, "Nimesikia."

Ya kwanza ilikubali. Ya pili alivuta nyundo mpaka karibu ya mwisho, kifundo kile kikakataa, nyundo ikamponyoka. Ilinaswa kwenye ngazi ya katikati, haikufika kwenye risasi. Alijaribu tena, ikaponyoka tena. Mara ya tatu akaangusha fimbo, akaisaidia kwa mkono wa kushoto, ikakoki, akapiga, ikawaka, akapiga na zote zilizobaki kwa mikono miwili. Shabaha aliipata zote.

Meneja akamwambia, "Mzee Melkiori, mikono miwili siwezi."

"Najua."

"Mgeni akifa mbele yako, nikaulizwa, nitajibu nini?"

"Nimesema najua, baba." Akaifungua silinda, akahakikisha ni tupu, akamkabidhi mpini ukiwa mbele, kama inavyotakiwa.

Msimu ukaenda bila yeye. Aliyechukua nafasi yake ni kijana mzuri tu, mwenye bega zima. Mwisho wa mwaka kampuni ikasema kitalu haikiendelezi. Wanyama walikuwa wamepungua, mashamba na ng'ombe vimefika mpaka kwenye matete, na wageni walikuwa wameanza kwenda kwingine. Mimi nami nilistaafu Desemba. Miezi hii nimekaa nikijiuliza swali moja tu, kama nilipima vibaya. Mara kumi nimejijibu hapana, mara kumi na moja ndiyo.

Wiki iliyopita Konsolata alinitumia mtu. Kampuni ilikuwa inakabidhi silaha zake na ya Melkiori kwa polisi, na risasi zote, na yeye alitakiwa kuzikagua kabla. Nilikwenda. Mezani palikuwa na sanduku la bati la Melkiori. Benedikta ndiye aliyelileta, Melkiori amempa ufunguo. Kufuli lilikuwa limeshika kutu ya kijani, na kwenye bawaba kulikuwa na makapi ya mpunga.

"Mzee, nusa," Konsolata akasema.

Lilinuka kama kihenge kilichofunguliwa mwezi wa saba, ile harufu ya mpunga uliovunda kwa joto lake wenyewe. Konsolata alikuwa amekwisha kumuuliza Benedikta, na Benedikta hakuficha. Masika ya mwaka jana bati la paa lao lilikuwa linavuja juu ya kitanda ambacho sanduku lilikaa chini yake. Akaona pakavu nyumba nzima ni ndani ya kihenge tu. Kila mtu wa bonde hili angefanya vile vile, sisi kitu kikilowa tunakifukia kwenye mchele au mpunga. Akalifukia katikati ya mpunga wa zamani. Kisha Juni akavuna, mvua mwaka ule ikawa haitaki kukatika, akamwaga mpunga mpya juu yake ukiwa haujakauka vizuri. Mpunga wa hivyo unatoka jasho. Siku mbili kabla ya jaribio Melkiori alirudi kutoka kufukuza nguruwe shamba la mbali, akakuta sanduku limerudishwa mahali pake, limefutwa vizuri.

Konsolata alipanga mambo kwa utaratibu ambao mimi nisingeuwaza. Bastola ilikuwa pale. Akafunga ile springi ya kumi na saba, tukaenda kwenye shimo la changarawe pamoja na askari aliyekuja kuzichukua. Alichukua risasi kutoka stoo ya kampuni, za katoni ile ile ya zile alizogawiwa Melkiori, akapiga. Zikawaka zote. Akachukua za kwenye lile sanduku. Tatu kati ya tano ziligoma. Akafunga ya kumi na nane, akapiga tano nyingine za humo, moja bado ikagoma. Aliziweka zote kwenye kitambaa mstari mmoja, akazitazama.

"Ile ndogo ilikuwa sahihi," akasema. "Mzee, ulikuwa sahihi."

Nilikaa juu ya jiwe. Sikufurahi hata kidogo. Niseme kwa haki, inawezekana hata risasi kavu zingegoma mwaka uliofuata, na kidole nacho kingeendelea kuharibika. Inawezekana nyati angempata. Lakini siku ile, kwa kidole kile, kwa springi ile, angepita. Nilimuuliza yule askari kama kuna namna. Alikuwa mpole. Akasema bila mdhamini hakuna leseni, na mdhamini anafunga ofisi. Kesho yake bastola ilipanda gari na nyingine.

Konsolata akaniuliza, "Sasa utamwambia?"

"Nikimwambia, nimemwondolea kidole chake lawama, nimempa mkewe."

"Na usipomwambia?"

Niliaga nikarudi nyumbani. Wewe Konsolata utakayesoma hili, kwenye yale matatu ya Longini ongeza la nne, kwamba risasi nazo zinalala mahali, na mwenye nyumba ndiye anayejua mahali hapo, si lazima awe mwenye ufunguo.

Hapa niliweka kalamu chini. Saa tisa mvua ilipungua, nikavaa mabuti nikaenda Mlabani.

Melkiori alikuwa ndani, mlango wazi, amekaa kwenye kigoda. Benedikta alikuwa anapepeta mchele upande wa pili. Dole gumba la Melkiori lilikuwa limefungwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, ncha nyingine imefungwa kwenye mguu wa meza. Alikuwa anauvuta nyuma, anauachia, anauvuta.

"Karibu fundi. Usisimame mlangoni, unatuzibia mwanga."

Nikamwamkia, nikakaa. Akaendelea kuvuta.

"Nimefika thelathini bila kupumzika," akasema. "Mwezi wa kwanza nilikuwa nashindwa kumi. Nimesikia kuna kampuni nyingine inaweza kuja kuchukua kitalu. Watakuja hawa. Nataka wakija wanikute tayari. Hiyo kumi na nane safari hii nitaivuta kama mlango."

Nilijua hakuna kampuni. Nilikuwa nimeuliza.

"Bastola imekwenda polisi, kaka," nikasema. "Wiki iliyopita."

"Leseni inaombwa upya. Tatizo lilikuwa kidole, na kidole ninakitengeneza. Wewe niambie ukweli, wewe ndiye fundi. Kikifika hamsini, nitaiweza?"

Benedikta aliacha kupepeta. Aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga.

"Haikuwa kidole," akasema. "Zilikuwa risasi. Nililifukia lile sanduku kwenye kihenge, mpunga ukaziharibu. Yule binti wa karakana alikuja kuniuliza. Wamezipiga, zimegoma. Nyingine za stoo zimekubali kwa ile springi ndogo. Mimi ndiye niliyelifukia."

Melkiori alinigeukia mimi.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, kaka."

Matone yalikuwa yanaanguka kwenye sufuria juu ya kitanda, moja moja. Benedikta alikuwa amesimama, mikono imeshikana mbele, kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Sasa ungeliweka wapi?" Melkiori akasema mwishowe, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Na bati linavuja. Mwaka wa ngapi huu unaniambia linavuja, na mimi niko porini natazama majani."

Benedikta alichukua ungo, akaanza tena.

Melkiori akaufungua ule mpira kidoleni. Ilimchukua muda, fundo lilikuwa limekaza na kidole kimevimba, na mimi sikuthubutu kumsaidia. Akaukunja, akampa mkewe, akamwambia afungie mlango wa banda la kuku, kamba imeoza.

Alinisindikiza mpaka kwenye mfereji, kama heshima inavyotaka, bila mwavuli. Pale akasimama.

"Kwa hiyo siku ile kidole kilikuwa kinatosha."

"Kwa ile ndogo, kilitosha."

"Basi."

Nilimwambia arudi ndani, atalowa. Akasema atarudi. Nilipofika kwenye kona nikageuka, alikuwa bado amesimama, anatazama nyasi za kando ya mfereji ambazo maji yalikuwa yamezilaza, na hapakuwa na kitu kilichopita hapo isipokuwa maji.

Jioni tumekula ugali na mlenda, na vipande viwili vya samaki kitoga wa kukausha. Mke wangu aliniuliza kama chumvi iko sawa. Nilimwambia iko sawa, nami nilikuwa sijaonja.